Moto ndani ya manowari: pahali pasipo pa kukimbilia

Mtu wa Bungoma akitaka kuona masalia ya manowari iliyoungua vitani, hana haja ya kusafiri hadi Mombasa. Avuke mpaka pale Malaba, apite Tororo na Iganga, aingie Jinja. Mzinga mmoja wa manowari Königsberg uko huko. Mwingine uko Fort Jesus, na wa tatu uko Pretoria. Königsberg ilikuwa meli ya Wajerumani yenye mizinga kumi ya milimita 105, na mwisho wake ulikuwa moto.

Neno manowari lenyewe ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Sisi wa Kitale na Bungoma tumelipokea kutoka pwani kama tulivyopokea chumvi, na pengine ndiyo sababu hatujajiuliza ndani ya chombo hicho mna nini mambo yanapoharibika.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja, mashine zake zikishughulikiwa, haina mvuke wa kuondokea. Königsberg ikatokea na kuipiga mizinga ilivyotaka. Watu 38 walipoteza maisha, na makaburi ya baadhi yao yako kwenye kisiwa kidogo cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe. Baada ya hapo Königsberg ikajificha katika mikono ya mto Rufiji, ndani ya mikoko, na Waingereza wakahangaika nayo kwa miezi. Mwishowe walileta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, pamoja na ndege ya kuwaonyesha wapigaji makombora yao yanaangukia wapi. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikufua dafu. La tarehe 11 ndilo lililomaliza kazi. Sitaha ilipigwa, moto ukashika, waliokuwa kwenye mizinga wakaanguka mmoja baada ya mwingine, na nahodha Max Looff akajeruhiwa. Aliamuru watu watoke, kisha meli ikalipuliwa na wenyewe.

Walikuwa na bahati moja: ukingo wa mto ulikuwa karibu. Maji yalikuwa haba pia, ndiyo maana Wajerumani waliweza kurudi, wakaiopoa mizinga yote kumi na kuitia magurudumu. Mwaka 1916 ilisikika Kahe na Kondoa. Wanaume wa Kavirondo Kaskazini, Bungoma ya leo ikiwemo, walichukuliwa na serikali ya Kiingereza kuwa wapagazi katika vita hivyo hivyo, kikosi kilichotuachia jina la Kariakor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Huenda babu wa mtu fulani wa Webuye aliyasikia makombora ya meli, naye bahari hajapata kuiona.

Sasa iondoe meli ile mtoni, uiweke katikati ya bahari.

Huku kwetu moto ukiwaka, jambo la kwanza ni kukimbia. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lililipuka na zaidi ya watu mia moja wakafa. Walionusurika ni waliokuwa mbali au waliowahi kutoka. Melini utatokea wapi? Na gari la zimamoto litatoka mji gani? Wanaouzima moto ni wale wale wanaoungua.

Kisha kuna chuma chenyewe. Chuma hakishiki moto kama mbao, lakini hupitisha joto kama sufuria ya ugali. Chumba kimoja kikiwaka, rangi ya ukuta wa chumba jirani huanza kutoa moshi, godoro lililouegemea hushika, na moto umeshahama bila kupita mlangoni. Kwa hiyo mabaharia hufundishwa kupoza pande sita: kuta nne, dari na sakafu. Nao hufanya hivyo gizani, katika vijia vyembamba, moshi umejaa, na moshi huua kabla ndimi za moto hazijafika.

Katikati ya yote hayo pana ghala la baruti. Katika vita vya Jutland, tarehe 31 Mei 1916, kombora liliingia kwenye mnara wa mizinga wa meli ya Kiingereza Lion. Meja Francis Harvey, mwenyewe akiwa anakufa kwa majeraha, aliamuru milango ya ghala ifungwe na ghala lijazwe maji. Meli ikapona. Meli nyingine tatu kubwa za Waingereza zililipuka siku hiyo hiyo na kuzama na maelfu ya watu.

Tungedhani basi maji ndiyo suluhisho, maana bahari imejaa maji. Muulize dereva wa lori la maziwa wa Kitale tofauti ya tangi lililojaa na tangi lililo nusu. La nusu ndilo linalompindua kwenye kona, kwa kuwa maziwa yanahama upande mmoja kwa pamoja. Ndivyo inavyokuwa melini pia. Tarehe 9 Februari 1942, meli kubwa ya Kifaransa Normandie ilishika moto New York ikigeuzwa kuwa ya kubeba wanajeshi. Cheche za mafundi ziliangukia maboya ya kujiokolea. Wazimamoto waliimwagia maji sitaha za juu mpaka wakaushinda moto. Usiku huo meli ikalala ubavu pale pale gatini. Ilishindwa na maji ya wokozi wake.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni cha Forrestal, manowari ya Marekani ya kubeba ndege. Tarehe 29 Julai 1967, katika ghuba ya Tonkin, roketi ilifyatuka yenyewe na kutoboa tangi la mafuta la ndege nyingine sitahani. Kikosi kilichofunzwa kuzima moto kilikimbilia pale. Dakika mbili hazikuisha, bomu la kwanza likalipuka na kukifyeka karibu chote. Waliobaki walikuwa na ujasiri, hawakuwa na mafunzo. Hawa walimwaga povu, wale wakaja na mipira ya maji wakalisomba povu lile, na mafuta yanayowaka yakatiririka kupitia matundu ya mabomu hadi vyumba vya chini. Walikufa 134. Tangu hapo jeshi la wanamaji la Marekani likakaza kwamba kila baharia, awe mpishi au karani, lazima ajue kuzima moto.

Waingereza nao walijifunza lao mwaka 1982, kombora lilipoipiga Sheffield karibu na visiwa vya Falkland. Bomba kuu la maji ya kuzimia moto lilikatika, na watu 20 walikufa. Katika vita hivyo nguo za nailoni ziliyeyuka na kuganda kwenye ngozi za mabaharia. Anayechagua mitumba sokoni kwa kazi ya jikoni au ya kulehemu achague pamba.

Jeshi la Wanamaji la Kenya liliundwa tarehe 12 Desemba 1964, na kituo chake kikuu kiko Mtongwe. Usajili wa wanajeshi hufika hadi kwetu. Kijana wa Kiminini au Kanduyi anayeamka saa kumi na moja kufanya mazoezi ya mbio, naye ana hamu ya bahari, ajifunze kuogelea sasa, na akiona mtungi wa kuzimia moto ukutani asipite bila kusoma maelezo yake.