Kuchuma Mfumuko

"Kufamu" ni kitenzi utakachokisikia popote vijana wanapocheza gemu, na Mfaranyaki hapa Songea hali ni hiyo hiyo. Asili yake ni neno la Kiingereza la kilimo, ingawa anayelitamka hana jembe mkononi wala hasubiri mvua. Anachomaanisha ni kurudia pambano lile lile la gemu, tena na tena, kwa ajili ya kile ambacho maadui hudondosha wakiuawa: silaha, vito, vipande vya mawe, alama za uzoefu. Ni kazi yenye hesabu na ustadi wake, na kwa sababu hiyo inastahili jina la Kiswahili linalobeba hesabu na ustadi huo.

Nitachukua aina moja tu ya kazi hiyo, kwa sababu ndiyo inayotatiza zaidi ukitaka kuitaja kwa Kiswahili. Katika gemu za uhusika zenye mapambano, zile ambazo mchezaji hujenga mhusika wake hatua kwa hatua huku akipigana, kuna mapambano ambayo mlango hufunguka, mazimwi wakamwagika kwa makundi, na saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Muda ukiisha, mlango unafungwa. Ulichopata ndicho hicho, na usichopata kimekwenda.

Mfano bora ninaoujua uko kwenye Path of Exile, gemu ya kampuni ya Grinding Gear Games ya New Zealand iliyotoka rasmi mwaka 2013. Desemba 2016 kampuni hiyo iliongeza pambano liitwalo Breach, ambalo humu nitaliita Ufa. Mchezaji anapita porini, anakuta alama ya mkono. Akiugusa, duara la rangi ya zambarau linapanuka kutoka hapo, na kila linapofika wanaonekana mazimwi ambao sekunde moja kabla hawakuwepo. Hawaji wawili watatu, wanakuja kwa makumi. Muda si mrefu duara linasinyaa. Likijifunga, kila zimwi aliyebaki hai anatoweka nalo, pamoja na ngawira ambayo angeidondosha. (Nasema ngawira kwa makusudi. Kiswahili kilikuwa na neno la mali inayotwaliwa vitani kabla ya kompyuta, na hakuna sababu ya kulitafutia badala.)

Ufa una wakuu watano, Xoph, Tul, Esh, Uul-Netol na Chayula, kila mmoja na mazimwi wake na vipande vyake. Vipande 100 vya mkuu mmoja vikiunganishwa vinakuwa jiwe, na jiwe hilo hufungua njia ya kuingia kwenye himaya ya mkuu huyo ukapigane naye mwenyewe. Hakuna ufa mmoja wa kawaida utakaokupa vipande vyote 100. Lazima urudi. Gemu nyingine zina muundo wa jamaa na huu: Diablo III iliingiza mwaka 2014 mapango ya kushindana na saa, ambamo mchezaji ana dakika 15 za kuua mazimwi wa kutosha hadi mlinzi wa pango ajitokeze, na kumwangusha mlinzi huyo kabla dakika hazijaisha.

Sasa hesabu, maana bila hesabu neno hili halieleweki. Tuchukulie mchezaji wa kwanza anapata vipande 6 kwa kila mzunguko, na mzunguko wake unachukua dakika 4. Wa pili ana mhusika mwenye nguvu zaidi, anapata vipande 9, lakini anatumia dakika 8 kwa sababu hataki kuacha hata zimwi mmoja wa pembeni. Ukimtazama wa pili akicheza utamsifu. Baada ya saa moja, wa kwanza ana vipande 90 na wa pili ana 67 au 68. Kipimo cha kazi hii ni kile unachopata kwa saa. Ndiyo maana wachezaji wazoefu hupita mbio, huacha vitu vidogo vidogo chini bila kuviinamia, na hujenga wahusika wenye kasi na silaha za kupiga eneo pana hata kama wangepungukiwa na uimara. Ufa unaadhibu usahihi wa polepole.

Upande wa pili wa hesabu ni bahati. Kitu chenye nafasi ya kudondoka mara moja katika 100 hakiahidi kudondoka ukirudia mara 100. Kila pambano linaanza upya, halikumbuki lililopita. Ukipiga hesabu utaona kwamba baada ya kurudia mara 100, bado kuna uwezekano wa karibu asilimia 37 kwamba hujakipata hata mara moja. Kijana anayelalamika kwamba gemu "inamchukia" mara nyingi yuko ndani ya hiyo asilimia 37, na wenzake wengi wamo humo pamoja naye.

Basi kazi hii tuiite nini?

Wanaotafsiri kwa kamusi watasema "kulima", na neno hilo linaanguka mara moja, hasa mbele ya msomaji wa Songea. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi mahindi. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Mkulima hupanda mara moja, hupalilia, huweka mbolea, na huvuna kiangazi kikishashika. Kosa la Desemba hulijua Juni. Kulima kwetu ni kutifua ardhi na kuweka ndani yake mali usiyo na hakika ya kuirudisha. Mchezaji wa Ufa hapandi chochote, na matokeo yake anayajua ndani ya dakika moja. Kiingereza kina neno moja linaloweza kujumuisha mambo yote ya shamba, kuanzia kutifua hadi kufuga kuku. Kiswahili kimeyagawa: kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna, kufuga. Hatuna budi kuchagua tendo moja, na anayechagua kulima amechagua lile lililo mbali kuliko yote.

"Kuvuna" ni kitenzi kilicho karibu zaidi, na nimewasikia watu wenye heshima wakikipendekeza. Kinakwama mahali pawili. Kuvuna hudai kwamba mtu alipanda, awe yeye au mwingine. Na kuvuna humaliza: shamba la mahindi lililovunwa limekwisha, mabua yanabaki, unasubiri mwaka mwingine. Kile kinachokosekana ni wazo la kurudi.

Neno tunalolihitaji linasemwa kila msimu magharibi ya hapa, Mbinga, kwenye milima ya Wamatengo. Kahawa ya huko ni arabika, na matunda yake hayaivi kwa pamoja. Kwenye tawi moja utakuta mekundu, ya manjano na mabichi kabisa. Anayejali ubora wa kahawa yake huchukua mekundu tu, akaacha mengine, akarudi kwenye mti ule ule siku nyingine, na nyingine tena, mpaka msimu uishe. Macho yake yamezoea kutofautisha rangi haraka na mikono yake haisimami, kwani kinachohesabiwa jioni ni ujazo wa kikapu au debe. Kazi hiyo hakuna anayeiita kulima kahawa, na hata kuvuna husikika zaidi midomoni mwa maofisa. Mchumaji mwenyewe anasema anachuma kahawa.

Kuchuma. Ndani ya neno hili kuna vitu vyote vitatu: kuchukua kilichokwisha kuwa tayari, kuchagua, na kurudi mahali pale pale. Na kuna cha nne, ambacho kwangu ndicho kinachomaliza ubishi. Kuchuma ni pia kupata mali. Tunasema fulani amechuma, yaani amejipatia utajiri, na kutoka shina hilo tumepata neno uchumi. Kwa hiyo anayesema "nachuma vipande vya Xoph" amesema kwa kitenzi kimoja kwamba anaokota na kwamba anajitajirisha. Viambishi vinafanya kazi bila kulazimishwa: mchumaji, uchumaji, chumia, chumika. Eneo lenye ngawira nyingi linachumika, eneo baya halichumiki. Na kile unachopata kwa mzunguko mmoja tayari kina jina, mchumo, neno lililomo kamusini kwa maana ya faida. Mchumo wa saa ndicho kile kipimo nilichokieleza kwa mfano wa wachezaji wawili.

Kuna watakaosema kwamba chuma ni madini, na gemu nyingi zina chuma cha kuokota. Kweli, na mtu anaweza kujikuta akichuma chuma. Lakini lugha yetu imeishi na jozi hiyo siku zote bila mtu kupotea. Nomino ina vyuma katika wingi, kitenzi kina viambishi vyake, na sentensi hutofautisha.

Baada ya kitenzi, linabaki pambano lenyewe. Wengi husema "wimbi". Neno zuri, na tusilitupe, ila lina kazi yake. Wimbi ni moja katika mfululizo: linakuja, linarudi, linafuata jingine. Gemu yenye vikundi kumi vya maadui vinavyokuja kwa zamu ina mawimbi kumi. Tunachohitaji ni jina la tukio zima, tangu mlango unapofunguka hadi unapojifunga, na tukio hilo lina sura ya kitu kilichokuwa kimefichwa au kimeshonwa kikaachia ghafla. Kiswahili husema kimefumuka. Mshono hufumuka. Siafu hufumuka, kumbikumbi hufumuka kichuguuni mvua za kwanza zikinyesha. Hivyo napendekeza mfumuko, na kwa kuwa mfumuko huu una saa, uitwe mfumuko wa muda maalumu. Sifa hiyo ya mwisho haihitaji utetezi, kwani kila Mtanzania aliyeajiriwa anajua mkataba wa muda maalumu ni upi, na jinsi ulivyo tofauti na kitu "cha muda" ambacho hakina tarehe ya kuisha. Katika mazungumzo jina hilo litafupishwa, watu waseme mfumuko tu, na kazi yenyewe iwe kuchuma mfumuko.

Najua mfumuko tayari umeolewa na bei. Kwangu hilo ni neema, kwa sababu mambo haya mawili yanakutana ndani ya gemu zenyewe. Kwa miaka mingi Path of Exile haikuwa na sarafu ya dhahabu. Wachezaji hubadilishana vito ambavyo vyenyewe vina kazi ya kuboresha silaha, na kila baada ya miezi mitatu au minne hivi huanza msimu mpya ambamo kila mtu huanza hana kitu. Mwanzoni mwa msimu kipande kimoja cha Ufa kina thamani, kwa kuwa wachache tu wana nguvu ya kuuchuma. Wiki zinavyosonga, wachumaji wanaongezeka, vipande vinajaa sokoni, bei yake inashuka. Vile vito vinavyotumika kulipia navyo vinazidi kuchumwa, hadi kinunuliwacho kwa kito kimoja kinadai vitatu. Mkulima wa Songea aliyewahi kungoja Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula afungue kituo cha kununua mahindi, huku ghala lake limejaa na walanguzi wakitaja bei ya kutupa, hahitaji kufundishwa sehemu ya kwanza ya somo hilo.

Uchumaji huu uliwahi kuwa ajira. Mwaka 2008 Richard Heeks wa Chuo Kikuu cha Manchester alikadiria kwamba watu wapatao 400,000, wengi wao China, walikuwa wakiishi kwa kuchuma dhahabu ya ndani ya gemu na kuwauzia wachezaji wa nchi tajiri kwa fedha halisi. Baadaye, uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, Wavenezuela wengi walifanya kazi hiyo kwenye RuneScape, wakiua madragoni wa kijani saa nyingi kwa siku, kwa kuwa dhahabu ya gemu ilishika thamani kuliko fedha ya nchi yao. Tukiwaita hao wakulima tutakuwa tumewapa ardhi ambayo hawana. Ni wachumaji, na kama wachumaji wa kahawa kwenye mashamba makubwa, mti si wao.

Nimejibiwa mara kadhaa kwamba vijana watasema kufamu hata tukitoa istilahi mia. Inawezekana, na sioni ubaya. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, na katika miaka hiyo kuna maneno yake mengi yaliyoshika na mengine yaliyobaki kwenye vijitabu. Yaliyoshika ni yale ambayo mtu aliyasikia mara moja akayaelewa bila kufafanuliwa. Jaribio la neno kuchuma si kwangu, liko pale penye skrini. Songea iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na tangu hapo kucheza pambano lenye saa, ambalo umeme ukikatika limekwenda na kila kitu, kumekuwa jambo la kawaida badala ya kamari. Wachezaji wapo. Kijana wa Mfaranyaki akimwambia mwenzake, "Acha huyo wa pembeni, mfumuko unafunga, chuma hao wa katikati," mwenzake hataomba tafsiri.