Vumbi la Asbesto na Haki ya Fundi wa Umeme

Natumaini kikundi chenu kimekwisha kukaa na katibu ana kalamu mkononi. Somo la leo ni la historia, lakini historia hii huenda ingali imo kifuani mwa mtu unayemjua.

Tuanze hapa Arusha. Themi ni mto unaoshuka kutoka Mlima Meru na kupita mjini. Ni jina pia la kata yenye viwanda na karakana. Penye viwanda hapakosi fundi wa umeme. Mwulize hatari ya kazi yake, naye atakujibu mara moja: kupigwa na umeme, au kuanguka kutoka juu ya nguzo. Hizo ni hatari za kweli, na kila mtu huziona. Leo tutazungumza habari za hatari isiyoonekana.

Asbesto ni jiwe, ila likipondwa hutoa nyuzi kama pamba. Nyuzi hizo haziungui, na huzuia joto na umeme. Kwa hiyo, kwa muda mrefu katika karne ya 20, viwanda vya ulimwengu viliitumia katika vyombo vya umeme: vibao vya kufungia swichi na fyuzi, vikinga cheche ndani ya swichi kubwa, vitambaa vya kufunika waya zilizo karibu na moto, na vifuniko vya mabomba ya mvuke katika vituo vya umeme. Kibao kizima kisichoguswa hakina hatari kubwa. Lakini fundi akikitoboa kwa keekee au akikikata kwa msumeno, nyuzi nyembamba kuliko unywele huruka hewani. Akizivuta, nyingine hukwama mapafuni. Jioni hurudi nyumbani na nguo zake, na mkewe anayezikung'uta na kuzifua huvuta vumbi lile lile.

Je, watu walilijua jambo hili tangu lini? Sikiliza. Mwaka 1924, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, alikufa mwanamke aitwaye Nellie Kershaw, mwenye umri wa miaka 33. Alikuwa akisokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha Turner Brothers. Kampuni ilikataa kumlipa fidia, kwa kuwa ugonjwa wake haukuwamo katika sheria ya siku zile. Daktari William Cooke aliyapima mapafu yake akayakuta yamejaa makovu na chembe za asbesto. Mwaka 1931 Serikali ya Uingereza ilitunga kanuni za kupunguza vumbi katika viwanda vya asbesto. Kisha mwaka 1960 daktari Christopher Wagner na wenzake wakatangaza habari za wagonjwa 33 wa saratani inayoitwa mesothelioma, wengi wao watu wa sehemu za machimbo ya asbesto huko Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwa wachimbaji. Walikaa tu karibu na machimbo.

Sasa tutazame sheria za kwetu. Tanganyika ilipata Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 1948, na Sheria ya Viwanda mwaka 1950. Chini ya ile ya fidia, deni lilikuwa juu ya mwajiri mwenyewe. Kwa mkono uliokatika leo, njia hiyo ilifaa. Lakini ugonjwa wa asbesto hukawia miaka 20, 40, hata zaidi. Mtu anapoanza kukohoa, karakana imekwisha kufungwa, msimamizi amekufa, na daftari la kazi limeliwa na mchwa. Atamdai nani?

Tanzania ilitunga sheria mpya ya fidia mwaka 2008, na kwa sheria hiyo ukaanzishwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri ndiye achangaye. Mshahara wa mfanyakazi haukatwi. Mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alifanya kosa, bali kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Na hapo ndipo penye shida, kwa maana mapafu hukumbuka vumbi, lakini karatasi hupotea.

Kwamba wanyonge wanaweza kushinda, tumeona. Wachimbaji wa Afrika Kusini na jamaa zao walipeleka madai yao Uingereza dhidi ya kampuni ya Cape. Mwaka 2000 majaji wa Baraza la Malodi waliamua kwamba kesi isikilizwe huko huko, na mwaka 2003 kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 7.5. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Basi, ndugu yangu fundi, ufanye nini? Kwanza, weka daftari lako mwenyewe: ulifanya kazi wapi, mwaka gani, ulishika vifaa gani, na nani walikuwa wenzako. Pili, ukipata pumzi fupi au kikohozi kisichokwisha, mwambie daktari kazi zako zote, hata zile za ujanani. Tatu, ukiambiwa ni ugonjwa wa kazi, mwarifu mwajiri kwa maandishi, ubaki na nakala, na upeleke dai kwa Mfuko bila kukawia. Uamuzi usipokuridhisha, unaruhusiwa kuupinga. Nne, mahali penye vumbi paarifu Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Wakaguzi wake wana uwezo wa kuingia na kukagua. Wala usikate kibao cha zamani usichokijua, wala usifagie vumbi lake kikavu.

Maswali ya kuzungumza:

1. Kwa nini sheria iliyomfaa aliyevunjika mguu haikumfaa aliyevuta asbesto?
2. Ni nani katika kikundi chenu aliyewahi kubomoa vibao vya zamani vya umeme? Aeleze, na katibu aandike.
3. Mjane wa fundi atahitaji karatasi zipi? Ziko wapi leo?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.