Ushirikiano wa kampuni ulivyozaa M-Pesa

WAHENGA walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Katika biashara, methali hii hudhihirika pale kampuni zenye ujuzi tofauti zinapounganisha maarifa na kubuni kitu ambacho hakuna hata moja kati yazo ingeweza kukiunda peke yake. Nchini Kenya, mfano bora ni huduma ya kutuma pesa kwa simu, M-Pesa.

Mradi huo ulianza kama jaribio dogo. Kampuni ya Vodafone ya Uingereza, iliyokuwa na hisa katika Safaricom, ilipata ruzuku ya karibu pauni milioni 1 kutoka kwa idara ya serikali ya Uingereza iliyoshughulikia maendeleo ya kimataifa, nayo ikaongeza fedha zake. Lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kupokea na kulipa mikopo kwa simu.

Kila mshirika alileta alichokijua. Safaricom ilikuwa na mtandao wa simu na wauzaji wa kadi za muda wa maongezi. Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo, liliwafahamu wateja na vikundi vyao. Nayo Commercial Bank of Africa ilihifadhi fedha, ili kila shilingi iliyoonekana katika simu iwe na shilingi halisi katika benki.

Majaribio yaling’oa nanga Oktoba 2005, yakihusisha wateja takriban 500 jijini Nairobi na mjini Thika. Hapo ndipo washirika walipogundua jambo ambalo hawakulitarajia. Wateja hawakuishia kulipa mikopo. Walitumiana pesa, wakalipana madeni ya biashara, na wengine wakaweka fedha katika simu kabla ya safari ili wasibebe noti mfukoni.

Aidha, majaribio yalifichua ugumu. Hesabu za mikopo hazikuoana kwa urahisi na mfumo mpya. Isitoshe, mikutano ya vikundi, ambayo ndiyo nguzo ya mikopo ya aina hiyo, ingeweza kudhoofika iwapo wanachama wangelipa wakiwa mbali.

Kutokana na mafunzo hayo, huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ilijikita katika kutuma pesa. Suala la mikopo, ambalo ndilo lililowakutanisha washirika, liliwekwa kando. Huu ni ukweli ambao kila kampuni inayoingia katika ushirikiano yafaa iuzingatie: maarifa yanayopatikana huenda yakabadilisha mwelekeo wa kazi, na si kila mshirika atavuna sawa na wenzake. Kwa hivyo, ni muhimu makubaliano yaeleze mapema nani atamiliki kitakachobuniwa.

Mikopo ilirejea baadaye kwa ushirikiano mwingine. Mnamo Novemba 2012, Safaricom na Commercial Bank of Africa zilianzisha M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kupitia simu. Mwaka uo huo, kampuni ya M-Kopa ilianza kuuza mitambo ya umeme wa jua kwa malipo madogo madogo yanayolipwa kwa M-Pesa.

Hata hivyo, kushirikiana na wengine si sawa na kuwafungulia washindani mlango. Kwa miaka kadhaa, mawakala wa M-Pesa hawakuruhusiwa kuhudumia kampuni pinzani. Hali hiyo ilibadilika Julai 2014, baada ya kampuni ya Airtel kuwasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani. Mnamo 2017, Safaricom ilizindua Daraja, njia inayowawezesha waundaji wa programu kuunganisha biashara zao na M-Pesa moja kwa moja. Mwaka uliofuata, wateja wa Safaricom na Airtel walianza kutumiana pesa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine bila matatizo ya awali.

Historia hii ina funzo kwa wafanyabiashara wa viwango vyote, wakiwemo mafundi wa jua kali na vyama vya ushirika. Mshirika anayefaa ni yule aliye na ujuzi ambao wewe huna. Jaribio dogo hugharimu kidogo kuliko kosa kubwa. Na zaidi ya yote, mteja ni mwalimu: washirika wa M-Pesa walifaulu kwa sababu walikubali kufuata alichofanya mteja, badala ya kung’ang’ania walichokuwa wamekipanga.