Motokari za wazee wetu: kabla hatujaziuza kwa kilo

Bendera, teritware ya Kalemie. Mwezi uliopita mnunuzi wa mitrayi aliingia katika parseli ya jirani yangu, na mizani yake begani. Chini ya muembe kuna Land Rover ya kizamani, haina magurudumu, shasi yake imekaa juu ya magogo manne. Mnunuzi aliizunguka mara moja, akagonga mlango kwa kidole, akasikiliza mlio, akataja bei ya kilo. Hakuuliza ilikuwa ya nani wala ilitembea wapi.

Wengi tunajua kwa nini aligonga mlango. Bodi ya Land Rover za zamani si chuma, ni aluminiamu. Mafundi wanaiyeyusha na kuimwaga mchangani, inatoka sufuria. Pengine ugali uliokula jana ulisongwa ndani ya mlango wa motokari iliyopanda milima ya Fizi zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Watoto wa mzee walitaka iuzwe. Minervali haijalipwa, na shule haipokei historia kama malipo. Mzee alikataa. Yeye na mjukuu wake, kila Jumamosi, wanafungua kitu kimoja, wanakisafisha, wanakirudisha. Hawalipwi na mtu. Majirani wengine wanasema mzee anacheza. Mimi nilikwenda kuangalia mchezo huo, na nikarudi na maswali ambayo yamenifanya niandike makala haya. Sababu historia ya ziwa letu, ukiitazama vizuri, imebebwa mara nyingi na watu walioinua mashini ambayo wengine walishaiona imekufa.

Tuanze na 1915. Wakati ule Kalemie ilikuwa kituo kidogo penye mdomo wa mto Lukuga, na baadaye Wabelgiji waliuita mji Albertville. Wadachi ndio walitawala maji ya Tanganyika kwa meli zao. Waingereza wakaamua kuleta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kila moja urefu wa karibu mita 12. Zilitoka Cape Town kwa gari la moshi mpaka Fungurume, Katanga. Kutoka hapo reli ilikuwa bado. Mashua zikawekwa juu ya matoroli, zikavutwa kuvuka milima ya Mitumba na mashini mbili za mvuke zenye magurudumu makubwa ya chuma.

Mashini zile zilikula kuni na kunywa maji mengi, na ilikuwa majira ya kiangazi. Wakongomani ndio waliokata njia, wakajenga madaraja ya miti. Wanawake wa vijiji waliteka maji na kuyabeba kichwani ili mashini zisife njiani. Pale zilipoteleza, ng'ombe na watu walivuta kwa kamba. Mwishoni mwa Septemba msafara ulifika Sankisia, ukapanda reli mpaka Bukama, ukashuka mto Lualaba mpaka Kabalo, na kutoka Kabalo ukapata reli iliyokuwa mpya kabisa mpaka kwetu. Ulifika mwishoni mwa Oktoba 1915. Vitabu vingi vinamtaja kamanda wake, Geoffrey Spicer-Simson. Majina ya wale waliobeba maji hayakuandikwa. Tuyakumbuke hayo, nitarudi kwayo.

Tarehe 26 Desemba 1915, mashua hizo zilikamata meli ya Wadachi iliyoitwa Kingani. Ilikuwa imetobolewa na risasi za mzinga, ikajaa maji karibu na ufuko wa kwetu. Mtu wa mitrayi angesema imekwisha. Lakini iliinuliwa, matundu yakazibwa, ikapewa mzinga mwingine na jina jipya: Fifi. Haikupita hata miezi miwili, tarehe 9 Februari 1916, Fifi ilikuwa katika msafara uliozamisha meli nyingine ya Wadachi, Hedwig von Wissmann. Basi kufufua mashini katika Kalemie si jambo la leo.

Hadithi kubwa zaidi ni ya Graf von Götzen. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa kipande kwa kipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5000, ikapita Dar es Salaam na reli mpaka Kigoma. Iliungwa upya pale, ikaingia majini mwezi wa Februari 1915. Mwaka uliofuata Wabelgiji walikaribia Kigoma, na Wadachi wakaamua kuizamisha wenyewe isichukuliwe. Walifanya hivyo tarehe 26 Julai 1916, karibu na mdomo wa mto Malagarasi.

Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walioiunda walifanya kazi moja ya ajabu. Walipaka grisi nzito moteri zake zote, kila sehemu ambayo maji yangeweza kuila. Fikiri, ndugu msomaji: unaizamisha meli, na wakati huohuo unaitunza. Walijua vita vitaisha na mtu atakuja kuiinua, hata kama hawamjui ni nani.

Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena. Mwaka wa 1924 Waingereza wakaitoa majini, wakakuta moteri ziko katika hali nzuri. Tarehe 16 Mei 1927 ilianza tena kusafiri, kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 moteri zake za mvuke ziliondolewa zikawekwa za mazuti, lakini bodi yake ilibaki ileile ya 1913.

Na sisi wa upande huu tuna sababu ya pekee ya kuikumbuka. Mwaka wa 1997, baada ya vita vilivyoanza 1996, Liemba ilitumika kurudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi wetu kutoka Kigoma mpaka Uvira. Wako watu wa Fizi na Uvira walioshikilia vyuma vya meli hiyo wakiangalia milima ya kwao ikikaribia. Grisi iliyopakwa 1916 ilikuwa sehemu ya safari yao ya kurudi nyumbani, na aliyeipaka hakuwafikiria hata kidogo.

Sasa turudi chini ya muembe.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Waingereza walikuwa wametoka vitani, chuma kilikuwa kwa mgawo, lakini aluminiamu ilikuwapo kwa wingi. Ndiyo maana bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Rangi ya kijani ya zile za kwanza nayo ilikuwa mabaki ya rangi ya jeshi. Shida ya Waingereza ikawa bahati yetu: bodi haili kutu. Kinachokufa ni shasi, sababu shasi ni chuma. Ile ya jirani yangu ni ya aina ya tatu, iliyoanza kutengenezwa 1971 na kuendelea mpaka 1985.

Kwa nini motokari kama hizi zinabaki kwetu mikononi mwa watu wa nyumbani, si garajini? Jibu liko katika historia ya nchi. Barabara yetu, ile inayotoka Kalemie kwenda Fizi na Uvira, imekula motokari nyingi. Tarehe 29 Juni 1965 hapa hapa Bendera, penye kambi ya jeshi iliyolinda kituo cha umeme cha mto Kyimbi, waasi pamoja na Wakuba wa Che Guevara walishambulia wakashindwa. Mwaka ule njia ilikuwa ya kamio za jeshi na ya kukimbia. Kisha, 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianisation, na biashara nyingi za wageni zikapewa Wazaire. Waliozipokea wengi hawakuwa na njia ya kuagiza mali ng'ambo, na vipuri vikawa haba. Zikaja pora za 1991 na 1993, kisha vita vya 1996 na 1998. Aliyekuwa na motokari alijifunza kuificha, kuifungua magurudumu, kuzika batiri. Na aliyetaka itembee alijifunza kuitengeneza mwenyewe, nyumbani, kwa alichonacho.

Ndiyo kazi niliyoiona. Moteri ilikuwa imeshikamana, pistoni hazisogei. Mzee hakuilazimisha. Alitoa buji, akamwaga mafuta kidogo katika kila tundu, akafunika kwa matambara, akangoja. Kila Jumamosi mjukuu alijaribu manivela taratibu. Wiki ya tano ilisogea kiasi cha upana wa kidole. Karatasi ya kuziba kati ya vyuma wanaikata wenyewe kutoka katoni ngumu, wakiigonga kwa nyundo ndogo pembezoni mwa chuma mpaka alama zitoke. Mpira wa kuziba maji unatoka katika chubu ya zamani ya kamio. Kila buloni inayotoka inaingia katika kopo la maziwa, na juu ya kopo kijana ameandika kwa kalamu mahali ilipotoka. Nilipouliza kwa nini, alinieleza kwamba kama babu yake hatakuwapo wakati wa kuifunga, kopo litamwonyesha. Ni grisi ya 1916, kwa namna nyingine.

Katika nchi nyingine jambo hili lina heshima yake. Huko Ulaya kuna shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, FIVA, lililoanzishwa 1966, na kwao gari lenye miaka 30 lililohifadhiwa vizuri ni urithi. Nairobi, tangu 1970, kuna mashindano ya Concours d'Elegance ambapo watu huleta magari na pikipiki za zamani, na waamuzi hutazama hata chini ya shasi kama kuna uchafu. Tangu 2003 Kenya ina pia mashindano ya mbio kwa magari ya zamani tu, kukumbuka ile Safari iliyoanza 1953. Wale wana pesa, wana vipuri vinavyokuja kwa ndege. Sisi hatuna hivyo. Lakini jirani yangu na yule wa Nairobi wanafanya kazi moja: wanakataa mashini iende bila ushahidi.

Sitaki kuwahukumu wanaouza. Mtoto akifukuzwa shule, au mgonjwa akihitaji dawa, chuma kiende, hakuna chuma kilicho bora kuliko mtu. Ninachoomba ni kidogo. Kabla ya mizani kushuka, chukua daftari. Andika nambari ya shasi na nambari ya plaka kama bado inaonekana. Uliza ilinunuliwa mwaka gani, ilitumika kazi gani, shoferi alikuwa nani, kwado gani aliziba mipira yake, ilifichwa wapi wakati wa vita, nani alisafiri ndani yake akiwa mgonjwa au bibi harusi. Piga picha kwa simu, mbele, nyuma na ndani. Hiyo haigharimu franka hata moja. Na wazee wanaojua majibu hawatabaki nasi siku zote.

Maana ndivyo tulivyowapoteza wale wanawake wa 1915. Mashua zina majina, kamanda ana jina, hata Kingani ilipewa majina mawili. Wao waliozinywesha mashini zile hawana hata moja katika karatasi, sababu siku ile hakuna aliyechukua daftari.

Jumamosi iliyopita nilipita tena. Moteri inazunguka sasa kwa manivela, mzunguko mzima, na kuna upumuo unaosikika kama mtu aliyelala. Haijawaka. Karbirateri ina sehemu iliyovunjika, na wanatafuta nyingine mpaka Kalemie mjini. Mnunuzi wa mitrayi naye alirudi, akapandisha bei kidogo. Minervali bado. Familia itakaa tena kuzungumza.

Nilimkuta kijana juu ya tofali, daftari la shule magotini, babu yake akimsomea safari za motokari ile toka kichwani: Kalemie, Kabimba, Bendera, Fizi, Baraka. Ukurasa wa tatu ulikuwa umejaa.