Nyota Isiyo na Ncha ya 26

Anayezihesabu ncha za nyota ya Herrnhut, pambo la Krismasi la karatasi kutoka Ujerumani, kwa mara ya kwanza hurudia hesabu. Zinatoka ncha 25, na 25 si idadi inayokaa vizuri kwenye umbo ambalo kila upande unafanana na mwenzake. Ukizunguka tena na kidole utaliona pengo: juu kabisa kuna uso mmoja wa mraba ambao haukuota ncha. Hapo ndipo unapopita uzi wa kutundikia pamoja na waya wa taa. Umbo lina nyuso 26, na mmoja umeachwa ili nyota ipate kuning'inia.

Nilianza kuifuatilia historia yake baada ya kuhangaika kuitengeneza. Desemba iliyopita niliingia steshenari nikanunua karatasi mbili za manila nyeupe na chupa ya gundi. Mama muuzaji aliniuliza kama ni kazi ya shule ya mtoto. Nikamjibu kuwa ni yangu mwenyewe. Akanitazama, akanirudishia chenji bila neno.

Kazi inaanza rahisi. Unachora pembetatu nne nyembamba zilizopangana kama upepeo, kila moja ina kitako cha sentimeta 5 na urefu wa sentimeta 15. Pembeni unaacha ulimi mwembamba wa kupaka gundi, na kwenye kila kitako unaacha ulimi mwingine. Unapitisha nyuma ya kisu juu ya mistari ili mkunjo uwe mkali, unakunja, unabandika, unapata piramidi ndefu iliyo tupu ndani, mfano wa kofia ya mchawi yenye pande nne. Hizo zinatakiwa 17. Za pembetatu tatu zinatakiwa 8. Ukijumlisha, utakata pembetatu 92, wala usiombe mkasi uwe butu. Ilipofika saa tano za usiku nilikuwa nimemaliza ncha 11 na manila imeniishia.

Taabu yenyewe ilikuja kesho yake, baada ya kuongeza manila na kumalizia ncha zilizobaki, kwenye kuziunganisha. Ncha zinashikana kwa zile ndimi za vitako, na ndimi zote zinaangalia ndani. Mwanzoni unabana kwa raha, kidole huku na kidole kule. Kadiri nyota inavyojifunga ndivyo nafasi ya mkono inavyopungua, mpaka zikabaki ncha tatu, na ndani yote imeshakuwa giza. Hapo nikaelewa kazi nyingine ya uso ulioachwa wazi. Nilipitisha vidole vitatu kwenye tundu la sentimeta 5, nikabana ndimi za mwisho kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mfuko wa shati la mwenziwe. Atakayesema uso ule uliachwa kwa ajili ya taa peke yake hajawahi kuitengeneza.

Wamoravian wa Ujerumani, waumini wa kanisa moja la Kiprotestanti, wanasimulia kwamba nyota hii ilizaliwa darasani. Mahali penyewe ni Niesky, mji mdogo wa mashariki mwa Ujerumani ulioanzishwa mwaka 1742 na wakimbizi wa imani kutoka Bohemia. Palikuwa na shule ya bweni ya wavulana, na mwanzoni mwa karne ya 19 walimu wake walitumia maumbo ya karatasi kufundishia jiometri. Mtoto aliyekata, akakunja na kubandika mwenyewe, hakuhitaji kuambiwa mara mbili nyuso za umbo ni ngapi. Kutoka umbo kwenda nyota ni hatua moja tu: juu ya kila uso simamisha piramidi.

Usiku mmoja wa Januari 1821, shule hiyo ikisherehekea kutimiza miaka 50, ilitundikwa nyota kubwa yenye ncha 110 na taa ikiwaka ndani. Mimi nikiwa nimetokwa jasho kwa 25, hiyo 110 sikuisoma nikapita. Nilisimama hapo kidogo.

Kwa nini darasa la hesabu liwe na hamu kubwa hivyo ya kutengeneza pambo la Krismasi? Ili kujibu hilo lazima tuende kama kilometa 30 kusini, Herrnhut. Mwaka 1722, kwenye shamba la kabaila mmoja mcha Mungu, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, walifika watu waliokimbia mateso ya dini huko Moravia. Wakakata miti, wakajenga, wakakiita kijiji chao Herrnhut, maana yake ni pahali palipo chini ya ulinzi wa Bwana. Baada ya miaka kumi tu kijiji kile cha wakimbizi kilikuwa kinapeleka wamisionari ng'ambo. Mwaka 1732 wawili waliondoka kwenda kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, kuwahubiria watumwa. Mwaka 1733 ilikuwa zamu ya Greenland. Suriname ikafuata mwaka 1735, Afrika Kusini 1737, na baadaye Labrador, kaskazini mwa Amerika.

Wamisionari hao walioa na kuzaa, na kanisa lilikuwa na utaratibu wake kuhusu watoto. Mtoto akifika umri wa kuanza shule alitenganishwa na baba na mama, akapandishwa meli kurudi Ujerumani kwenye shule za bweni za kanisa. Ya watoto wa wamisionari hasa ilikuwa Kleinwelka, nyingine ilikuwa hiyo ya Niesky. Wako waliokaa miaka kumi bila kuwaona wazazi, na wako ambao hawakuwaona tena. Labrador meli ya kanisa ilikwenda mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi barafu inapoachia. Barua iliyoikosa meli hiyo ilingoja mwaka mzima.

Watoto wa namna hiyo ndio waliokuwa wakikaa kwenye meza zile za bweni Krismasi ikikaribia. Sitaki kuligeuza jambo hili kuwa hadithi ya kuliza watu. Watoto wa bweni ni watoto, na bila shaka waligombania mkasi na kupakana gundi kwenye nywele. Hata hivyo, kazi yenye vipande 25, kila kipande kikidai robo saa ya utulivu, inajaza jioni nyingi. Ikajengeka desturi kwamba nyota inatengenezwa au kuunganishwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, inawashwa, na inakaa hadi Januari 6, siku ya Epifania, wanapokumbukwa mamajusi waliofuata nyota. Rangi za kale zilikuwa nyeupe na nyekundu: nyeupe kwa usafi, nyekundu kwa damu ya Kristo. Vijana waliomaliza shule walirudi makwao na ujuzi huo mikononi, na nyota ikaingia majumbani.

Umbo lenyewe ni la kale kuliko Wamoravian. Lina miraba 18 na pembetatu 8, ni mojawapo ya yale yaliyopewa jina la Archimedes. Leonardo da Vinci alilichora kwa ajili ya kitabu cha hesabu cha mtawa Luca Pacioli kilichochapishwa mwaka 1509. Iko pia picha ya rangi ya mwaka 1495, sasa ipo Naples, inayomwonyesha Pacioli akifundisha, na pembeni yake umbo hilohilo limetengenezwa kwa kioo, limejazwa maji nusu, linaning'inia kwa uzi. Zaidi ya miaka 300 kabla ya nyota ya Niesky, mtu alikwisha kulitundika hewani. Lilikosa ncha tu.

Nyota ilitoka mikononi mwa wanafunzi na kuingia sokoni kupitia mlango wa duka la vitabu. Pieter Hendrik Verbeek, aliyepata kusoma Niesky, alikuwa na duka la vitabu Herrnhut. Miaka ya 1880 alianza kuuza nyota pamoja na maelezo ya kuzitengeneza. Mtu wa biashara aliliona tatizo ambalo mwanafunzi hakuwa nalo: nyota iliyokwisha kubandikwa haisafirishwi. Ni kubwa, imejaa hewa, na ncha zake zinapondeka ukiiweka hata chini ya kofia. Jibu lilikuwa kutoibandika kabisa. Kabla karne ya 19 haijaisha, Herrnhut ilikuwa na nyota ya kuunganisha na kufumua: kiini cha bati chenye reli ndogo kwenye kila uso, na ncha za karatasi zenye fremu nyembamba za kutelezesha humo, moja baada ya nyingine.

Uzuri wa mpango huo uko kwenye piramidi tupu. Zinaingiana kama vikombe vya plastiki vya maji ya kunywa. Ncha 17 za miraba zinakuwa mrundo mmoja, ncha 8 za pembetatu mrundo wa pili, na nyota yenye upana wa zaidi ya nusu meta inaenea kwenye boksi la kubebwa kwapani. Ikawezekana kuituma kwa posta na kwa meli, na vituo vya misheni vilikuwa vimetapakaa duniani. Mwana wa Pieter, Harry Verbeek, ndiye aliyeifanya biashara hiyo kuwa kiwanda. Mwaka 1925 kikapata hataza ya nyota isiyohitaji kiini: ncha zinabanwa zenyewe kwa zenyewe hadi mwili unajisimamia.

Hapo naona pana ujanja wa ajabu, hata kama haukukusudiwa. Kiwanda kwa kawaida huipokonya familia kazi yake. Hiki kiliuza kazi yenyewe ndani ya boksi. Mnunuzi anapata vipande, vibanio na karatasi ya maelekezo, kisha anakaa chini na watoto kama walivyokaa wa Niesky. Mpaka leo nyota za karatasi za Herrnhut zinauzwa hivyo, na ncha zake bado zinatengenezwa kwa mkono, na wafanyakazi wanaopaka gundi na kukunja moja moja.

Karne ya 20 haikuwa na huruma na mji wenyewe. Mei 1945, vita vikiwa vinamalizika, sehemu kubwa ya katikati ya Herrnhut iliteketea kwa moto, pamoja na jengo la ibada. Mji ukaangukia Ujerumani Mashariki, na miaka ya 1950 serikali ya kikomunisti ikakitwaa kiwanda cha nyota. Serikali isiyomtambua Mungu ikawa inatengeneza nyota ya Bethlehemu, jambo ambalo maofisa wake sijui walilielezanaje vikaoni. Baadaye kiwanda kilirudi mikononi mwa kampuni ya kanisa. Julai 2024 mji wa Herrnhut uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, pamoja na makazi mengine ya Wamoravian, likiwemo la Bethlehem huko Pennsylvania, Marekani.

Kwetu Wamoravian si wageni. Theodor Meyer na wenzake walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1898 Wamoravian walipokea kituo cha Urambo, Unyamwezi, kutoka kwa misheni ya London. Leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na mtu wa Tukuyu au Tabora ana haki ya kulitaja jina la Herrnhut kama anayetaja kijiji cha babu. Ila ukitundika nyota ya karatasi barazani Rungwe mwezi wa Desemba, haitamaliza usiku. Mvua ni nyingi, na ukungu unalowesha hata kilichomo ndani. Wajerumani wenyewe, kwa theluji yao, waliishia kutengeneza nyota za plastiki za kutundika nje, na ya karatasi ikabaki ya sebuleni.

Mapambo niliyokulia nayo mimi yalikuwa ya jamaa hiyohiyo ya karatasi, bila jiometri. Tulichana madaftari ya mwaka uliokwisha kuwa vipande virefu, tukavipaka rangi, tukavikunja pete kwa pete kuwa mnyororo wa kuzungushia sebule. Gundi ilikuwa uji mzito wa sembe uliopoa, na mende walikuwa wa kwanza kufurahia Krismasi. Siku hizi Kariakoo ina mapambo ya kumetameta ya kila aina, bei yake ni ndogo kuliko manila zangu na gundi, na hayana mende. Nyinyi mnaoyanunua, sina ugomvi nanyi.

Nyota yangu ilikaa hadi Januari 6. Ilipinda kidogo upande wa kushoto, na ncha moja ilikunjamana pale mtoto wa jirani alipotaka kujua kama ndani kuna pipi. Ya Herrnhut ningeifumua, ncha zikaingiana, boksi likapanda juu ya kabati hadi Novemba. Yangu imebandikwa, haifumuliki. Nilizunguka nayo nyumba nzima nikitafuta pa kuiweka, mwishowe nikaifunga uzi mpya kupitia ule uso ulio wazi na kuitundika stoo, juu ya magunia ya mkaa, inakoendelea kuzunguka kila mlango unapofunguliwa.