Achimota 1927: Kiti cha Makamu Msaidizi

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 kanisa la kwanza linapatwa na mgogoro wa watumishi. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakaanza. Wakachaguliwa watu saba, na majina yao, tangu Stefano hadi Nikolao, yote ni ya Kigiriki. Wengi wetu tunaipita orodha ile upesi ili tufike kwenye mawe yaliyompiga Stefano, lakini kila shule ya kanisa ingefaa kuisoma kabla ya kutangaza nafasi za kazi.

Orodha hiyo inatusaidia kuielewa historia ya Achimota, shule iliyofunguliwa rasmi karibu na Accra tarehe 28 Januari 1927, wakati Ghana ikiitwa Gold Coast. Ilikuwa shule ya serikali ya kikoloni, lakini gavana Gordon Guggisberg alitaka iwe na msingi wa Kikristo. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mchungaji A. G. Fraser, Mwanglikana aliyewahi kuwa mmisionari Uganda, kisha akaongoza Chuo cha Trinity huko Kandy, Ceylon, kwa miaka ishirini hivi. Fraser alitaka miongoni mwa wenzake wa kwanza awepo James Emman Kwegyir Aggrey.

Aggrey alizaliwa Anomabu mwaka 1875, akaenda Marekani mwaka 1898, akasoma na kufundisha Chuo cha Livingstone, North Carolina, akabarikiwa kuwa mchungaji wa Kimethodisti. Wazee wetu walimjua kwa macho. Mwaka 1924 alipita Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar akiwa Mwafrika pekee katika tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Hadithi yake ya tai aliyelelewa na kuku bado inasimuliwa huku kwetu, mara nyingi na watu wasiojua ilitoka kwa nani.

Cheo alichopewa Achimota kilikuwa makamu msaidizi wa mkuu. Tukitazame vizuri. Kwa wakati ule kilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa Mwafrika aliwekwa kati ya viongozi wa shule ambayo karibu walimu wake wakuu wote walitoka Uingereza. Lakini neno "msaidizi" halikuwa bure. Mtu mwenye shahada zake, mhubiri aliyekwisha kusikilizwa katika mabara matatu, aliketi chini ya makamu.

Aggrey hakugombea kiti. Alibishania mambo mengine, hasa wasichana, kwani mpango wa awali uliwafikiria wavulana, naye akashikilia kwamba shule ipokee wote. Alifanya pia kazi ambayo hakuna Mwingereza angeiweza: kwenda kwa machifu na kwa wasomi wa pwani, ambao waliogopa kwamba "elimu inayomfaa Mwafrika" maana yake ni elimu duni. Hofu yao ilikuwa ya haki, nasi hatuoni kwamba walikuwa wakaidi. Achimota iliwajibu kwa kuchukua mitihani ya Cambridge, huku watoto wadogo wakifundishwa kwa lugha za nyumbani kwao. Nembo ya shule ikawekwa vibao vya kinanda, vyeusi na vyeupe, kutokana na mfano ambao Aggrey aliupenda: muziki ulio kamili hauwezi kupigwa kwa rangi moja ya vibao.

Miezi sita baada ya ufunguzi, tarehe 30 Julai 1927, Aggrey alifariki New York, alikokwenda kumalizia masomo yake Columbia. Alikuwa na miaka 51. Guggisberg naye alikuwa amekwisha kuondoka nchini.

Hapa ndipo penye swali lenyewe. Shule iliendelea vizuri. Mwaka 1933 mwanamuziki Ephraim Amu aliondolewa katika chuo cha ualimu cha kanisa huko Akropong, jambo moja likiwa kwamba aliingia ibadani na vazi la Kiafrika. Achimota ikampokea afundishe muziki. (Inauma kidogo kuona shule ya serikali ikiwa na moyo mpana kuliko ya kanisa.) Lakini Fraser alipoondoka mwaka 1935, mkuu mpya alikuwa Mwingereza mwingine, Mchungaji H. M. Grace, aliyetoka kuongoza King's College Budo, Uganda. Walitafuta mrithi Afrika Mashariki, wakampata mmisionari. Mwafrika wa kwanza kuiongoza Achimota, Daniel Chapman Nyaho, alipatikana baada ya uhuru wa mwaka 1957.

Tusiwahukumu kana kwamba sisi tulikwenda mbio zaidi. Kanisa letu la Kaskazini lilimchagua Stefano Moshi kuwa kiongozi wake mwaka 1958, ingawa vita viwili vilikuwa vimewaondoa wamisionari wengi wa Kijerumani, na wazee na walimu wenyeji wakabaki wakishika sharika. Walibatiza wachungaji wenyeji wachache waliokuwepo, walimu wakahubiri na kuzika, bila cheo kinacholingana na mzigo. Wale saba wa Yerusalemu hawakungojea miaka thelathini. Waliwekewa mikono, na mitume waliendelea kuishi mji mmoja nao.