Jamaa Mbele ya Lango la Bustani ya Burudani

Bustani za burudani za Marekani zilijengwa kwa ajili ya jamaa: baba, mama, watoto, na pengine bibi aliyeletwa kushuhudia furaha ya wajukuu wake. Matangazo yake huonyesha watu walioshikana mikono. Walakini lango la bustani hizo halikupata kutengenezwa kwa kipimo cha jamaa. Upana wake ni wa kiwiliwili cha mtu mmoja. Mama aliyembeba mtoto mmoja na kumshika mkono mwingine hana budi amwachilie yule wa pili ndipo apite. Katika muda wa zaidi ya miaka mia, lango hili limekuwa likimwuliza mtu maswali mbalimbali kabla ya kumruhusu kucheza, na kila swali limeikata jamaa mahali pake.

Hapo mwanzo lango halikuwapo. Katika pwani ya Coney Island, kusini ya Brooklyn, michezo ilitapakaa ufukoni, kila mmoja na mwenyewe, na mtu alipita kati yake kama apitavyo sokoni. Mwaka wa 1895 Paul Boyton, mwogeleaji mashuhuri wa zama zake, alizungusha ua kukizunguka kiwanja chake cha Sea Lion Park, akatoza kiingilio. Miaka miwili baadaye George C. Tilyou alifanya vivyo hivyo katika Steeplechase Park. Ua ulikuwa na faida mbili: ulikusanya senti za watu, na uliwazuia walevi, wezi na wahuni waliokuwa wameiharibia pwani ile jina, hata watu wenye kujiheshimu wakaona haya kuwapeleka watoto wao huko. Kwa hiyo ua ulijengwa kwa hoja ya kuilinda jamaa, na hoja hiyo haijabadilika hata leo.

Tilyou alikuwa mtu wa mizaha. Aliyeingia Steeplechase kwa upande wa bahari alipitishwa ndani ya pipa kubwa lililokuwa likizunguka, akapepesuka na kuangukia watu asiowajua. Yamkini ndilo lango pekee katika historia hii lililobuniwa ili kuwakutanisha wageni badala ya kuwachambua. Bustani ilipoteketea kwa moto mwaka wa 1907, mwenyewe hakukata tamaa: alitoza senti 10 kwa kila aliyetaka kuyatazama magofu.

Swali la senti lilikuwa jepesi kulijibu. Liko swali jingine ambalo mtu hakuweza kulijibu kwa kufungua mkoba wake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 bustani nyingi za Marekani, wala si za majimbo ya kusini tu, ziliwakataza watu weusi kuingia, au ziliwatengea siku chache zao peke yao. Glen Echo, iliyokuwa katika jimbo la Maryland kando ya mto Potomac, ilikuwa mojawapo. Ilianza mwaka wa 1891 kuwa mahali pa mafunzo na mihadhara, kisha ikageuka kuwa bustani ya michezo, na treni ndogo za mjini zilikuwa zikiwachukua watu kutoka Washington hadi mlangoni pake.

Jambo la ajabu katika Glen Echo ni kwamba mwaka wa 1960 hapakuwa na kiingilio cha langoni. Mtu aliingia tu, akanunua tiketi za mchezo autakao. Tarehe 30 Juni mwaka huo wanafunzi weusi, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Howard, walifika hapo pamoja na rafiki zao weupe. Waliingia bila ya kuzuiwa, na wengine wakapanda bembea ya mviringo yenye farasi wa mbao, mikononi wana tiketi walizonunuliwa na rafiki zao. Lango halikuwa ukutani, basi likahamia penye farasi. Mlinzi alimwendea mmoja wao, akamwuliza kama yeye ni mweupe au mweusi, akampa dakika chache aondoke. Watano walikamatwa pale pale juu ya bembea.

Mlinzi yule alikuwa na mabwana wawili. Mshahara wake ulitoka kwa kampuni ya ulinzi iliyokodiwa na bustani, lakini kifuani alivaa beji ya naibu wa sherifu wa wilaya ya Montgomery. Je, aliyewafukuza ni mwenye kiwanja, ambaye alidai haki ya kumchagua mgeni wake, au ni serikali, ambayo haikuwa na haki ya kuwabagua raia? Swali hilo lilifika katika Mahakama Kuu ya Marekani kwa jina la Griffin dhidi ya Maryland. Mwezi wa Juni, 1964, mahakama ilitengua hukumu za wanafunzi wale, ikisema kwamba mlinzi alitenda kwa madaraka ya serikali. Kabla ya hapo, tangu mwaka wa 1961, bustani ilikuwa imekwisha kuwafungulia watu wote. Si mahakama iliyoifungua. Waliofanya kazi hiyo zaidi ni wanafunzi, na jamaa za mtaa wa Bannockburn, uliokuwa jirani, ambazo ziliandamana mbele ya lango siku baada ya siku katika joto la kiangazi. Wazazi weupe waliwaambia watoto wao kwamba hawatapanda farasi wale mpaka watoto wote waruhusiwe kupanda, na kwa mtoto anayeisikia muziki ya bembea kutoka barabarani, hilo halikuwa agizo dogo.

Ugumu wa wazazi weusi ulikuwa wa namna nyingine. Martin Luther King, katika barua aliyoiandika gerezani Birmingham mwezi wa Aprili, 1963, alipotaka kueleza kwa nini watu wake hawawezi kuendelea kungoja, alimtaja binti yake wa miaka sita, aliyeliona tangazo la bustani ya Funtown katika televisheni akataka kupelekwa. Baba alilazimika kumweleza sababu. Miongoni mwa hoja zote za sheria na dini zilizomo katika barua ile, hii ya bustani ya watoto ndiyo ambayo msomaji asiyejua sheria wala dini huielewa mara moja. Mtoto hujifunza alivyo machoni pa nchi yake mbele ya mlango wa mchezo, naye mzazi ndiye anayetwishwa kazi ya kuwa mwalimu wa somo hilo.

Mwaka huo huo, tarehe 4 Julai, waandamanaji 283 walikamatwa mbele ya bustani ya Gwynn Oak, karibu na Baltimore, na miongoni mwao walikuwamo makasisi wa madhehebu mbalimbali. Bustani ilikubali kufungua milango tarehe 28 Agosti, siku ile ile ya maandamano makubwa ya Washington. Mtoto mweusi wa kwanza kupanda bembea yake alikuwa Sharon Langley, wa miezi 11, na baba yake alisimama kando ya farasi akimshika asianguke. Bembea hiyo ilihamishiwa Washington mwaka wa 1981, ikawekwa katika uwanja mkuu wa taifa.

Wakati huo aina mpya ya bustani ilikwisha kuzaliwa California. Disneyland ilifunguliwa Anaheim tarehe 17 Julai, 1955, kwa kiingilio cha dola 1 kwa mtu mzima na senti 50 kwa mtoto. Siku ya kwanza ilikuwa ya wageni walioalikwa, walakini tiketi za bandia zilienea, na mtu mmoja, kwa masimulizi ya wengi, aliegemeza ngazi uani akawatoza watu dola 5 kupanda. Husimuliwa pia kwamba wazazi waliwapitisha watoto wao juu ya vichwa vya watu ili wawahi nafasi ya mchezo. Si mbali na hapo, Buena Park, Walter na Cordelia Knott walikuwa na shamba la matunda na mkahawa wa kuku, na kando yake mji wa mfano wa kale ambamo watu walitembea bure. Mwaka wa 1968 nao walizungusha ua, wakatoza senti 25.

Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba, 2001, meza za kupekulia mikoba ziliwekwa mbele ya malango ya Disney. Katika Desemba, 2015, baada ya mauaji ya Paris na San Bernardino, Disney, Universal na SeaWorld ziliongeza milango ya mashine itambuayo chuma. Disney iliacha pia kuuza bunduki za kuchezea, ikawakataza wenye miaka 14 na zaidi kuvaa mavazi ya kujigeuza. Si haki kuufananisha upekuzi huu na swali la mlinzi wa Glen Echo. Huyu hutafuta silaha, na jamaa nyingi humshukuru. Lakini utaratibu wake una mkato wake. Mwenye mkoba huenda mezani na asiye na mkoba hupita njia nyingine. Kigari cha mtoto huvutwa kando. Mashine ikilia, baba husimamishwa, huku watoto waliokwisha kupita wakisukumwa mbele na umati ulio nyuma yao.

Wenye uzoefu hugawana kazi: mzazi mmoja hutangulia, watoto hufuata, mzazi wa pili hufunga safu. Jamaa yenye mzazi mmoja haina wa kutangulia pamoja na wa kufunga, na haielekei kwamba waliolipanga lango waliifikiria. Katika Disneyland liko jambo jingine. Mtoto aliyepotea hupelekwa katika nyumba ya kutunzia watoto mwishoni mwa Main Street, ndani ya bustani, nayo meza za upekuzi ziko nje kabisa, kabla ya lango la tiketi. Anayepotezana na mama yake hapo hujikuta katikati ya malango mawili. Nyumba iliyowekwa kwa ajili yake iko mbele, ng'ambo ya lango asiloweza kulipita peke yake.

Katika bustani za Disney za Florida zililetwa mwaka wa 2020 mashine mpana zaidi, ambazo watu wawili waweza kupita sambamba na mikoba yao mabegani. Baada ya miaka 125 tangu ua wa Boyton, lango lilipanuka kwa mtu mmoja.

Nalo shamba la Knott lilipata swali jipya. Katika Julai, 2022, baada ya vijana kupigana ndani ya bustani, liliamuru kwamba katika siku zilizotajwa asiingie mwenye miaka 17 au chini ila awe na msimamizi wa miaka 21 au zaidi, atakayeingia pamoja naye na kubaki bustanini muda wote. Bustani nyingine za Marekani zilifuata. Lango lililokuwa likiwapitisha watu mmoja mmoja likaanza kudai jamaa, lakini jamaa ya namna moja tu. Kaka wa miaka 20 aliyewaleta wadogo zake siku hizo, tiketi zote mkononi, aliruhusiwa kuingia peke yake, au kurudi nao nyumbani.